Ndoto Nilizombandikia Mke Wangu

Kwa zaidi ya miaka arobaini nilikuwa na mtu mmoja tu wa kumsimulia ndoto zangu, naye ni mke wangu. Marafiki sikukosa. Ni kwamba ndivyo tulivyolelewa katika dini: ndoto njema humwambii ila yule umpendaye, na ndoto mbaya humwambii mtu. Unatema mate makavu mara tatu upande wa kushoto, unaomba kinga kwa Mwenyezi Mungu, unageukia ubavu wa pili, basi imekwisha. Hayo niliwafundisha watoto wa chuo cha Kurani hapa Kitui mjini mpaka magoti yangu yalipokataa mkeka, na mimi mwenyewe niliyafuata. Baada ya sala ya alfajiri mke wangu alikuwa akikaa kwenye kigoda, chai pembeni, akisokota nyuzi za mkonge juu ya paja lake kwa ajili ya viondo, vikapu vyake. Nami namsimulia. Mikono yake haikusimama, lakini nilijua anasikia, kwa sababu nikiruka jambo aliuliza. Mwisho alikuwa akisema, "Maalim, wewe hulali, wewe unasafiri."

Maalim ndilo jina aliloniita tangu wiki ya kwanza ya ndoa yetu. Mji mzima huniita hivyo, hata wauza mitumba wasioswali. Lakini yeye alilitamka kwa ulimi wa kwao Kasikeu, na sikuwahi kumsahihisha.

Ugonjwa wake haukuja na homa. Ulianza kwa chumvi mara mbili kwenye mboga, kisha mlango kuachwa wazi, kisha siku moja alipotea kati ya soko na nyumba yetu, mahali ambapo hata mbuzi wetu hapotei. Daktari alitueleza kwa upole kwamba ubongo unanyauka na hakuna dawa ya kuurudisha. Kiswahili ndicho kilichotangulia kumtoka, maana alikuwa amekipata kwangu, alipoolewa na kusilimu. Akabaki na Kikamba chake cha utotoni. Mimi babu yangu alikuja huku kutoka pwani kwa biashara, lakini nimezaliwa Kitui na Kikamba nimekikulia, kwa hiyo haikuwa shida. Maneno yake nayaandika hapa kwa Kiswahili ili msomaji asisumbuke. Baada ya Kiswahili yakafuata majina ya watoto. Baada ya watoto nikafuata mimi. Asubuhi moja alinitazama kwa heshima kubwa, kama mtu aliyepokea mgeni, akaniuliza nimekuja kumtafuta nani.

Nilimshukuru Mungu hata hivyo. Alikuwa anakula, anatembea, hana maumivu. Watu wakinisimamisha barabarani kuniuliza hali yake, nilijibu alhamdulillahi, na nilikuwa nikimaanisha. Jambo moja tu niliomba katika kila sijda: aniite Maalim mara moja tena, akijua anamwita nani, kabla mmoja wetu hajaondoka.

Niliendelea kumsimulia ndoto zangu alfajiri. Lakini maneno hayakukaa. Nikiwa katikati angeinuka kwenda kumfukuza kuku asiyekuwepo. Mikono yake, hata hivyo, ilikuwa bado na kumbukumbu. Ukimpa kipande cha ngozi, au kibuyu, au kitambaa, angekipapasa saa nzima, akikigeuza na kukinusa. Ndipo nilipowaza kwamba kama sikio limefungwa, pengine nimsimulie kupitia vidole.

Ndoto ya kwanza niliyomtengenezea ilikuwa ya furaha. Niliona tangi letu la maji limejaa ndengu badala ya maji, naye amesimama ndani, ndengu zikimfika magotini, anacheka. Nilichukua ubao wa kabati lililovunjika. Nikakata kipande cha tangi kuukuu, lile jeusi la plastiki, nikakipigilia misumari. Nikapika uji mzito wa unga wa ngano uwe gundi, nikabandika ndengu moja moja kwa siku tatu, na juu yake nikasimamisha kipande cha leso yake ya zamani kilichokunjwa kama mtu. Nikauegemeza ukutani uani ukauke, nikaenda kuswali adhuhuri. Niliporudi, kuku walikuwa wamemaliza tafsiri yao. Hata uji waliudonoa.

Binti yetu, ambaye ni mwalimu wa shule huko Kibwezi na huja kwetu kila likizo, alicheka mpaka akakaa chini.

"Baba, hii ni nini umeweka kwa ukuta? Umerudi darasa la nne?"

"Ni ndoto," nikamwambia.

"Imeliwa."

"Naona."

Nilipomweleza nia yangu aliacha kucheka. Aliniambia kwamba kazi ya namna hii ina watu wake, kwamba wapo wanaochanganya mbao na nguo na mchanga na mabati kwenye picha moja, na wengine huyatoa hayo katika ndoto. Chuoni kwao walifundishwa kuwa akili ina chumba cha nyuma ambacho mwenyewe hana ufunguo wake, na ndoto ni vitu vinavyopenya chini ya mlango. Nilimwambia hilo halikuwa geni kwangu. Sisi tulisoma kwamba ndoto ni za namna tatu: iliyo bishara kutoka kwa Mungu, iliyo vitisho vya shetani, na ile ya nafsi ikijisemesha yenyewe mambo iliyoyabeba mchana. Sikumwambia kwamba kila nikitazama ndoto zangu nilihofia zote ni za namna ya tatu, yaani mzee anayeongea peke yake.

Alinunua gundi ya kweli na akaniachia.

Nilitengeneza mbao tano au sita mwaka huo. Kila mtu niliyemweka ubaoni alikuwa hana uso. Kiumbe mwenye roho sikutaka kumchora. Ni jambo nililolishika tangu ujana na sikuona sababu ya kuliacha uzeeni. Mtu wangu alikuwa kitambaa kilichosokotwa, au kijiti kilichovikwa, na mahali pa kichwa pakabaki hewa. Ubao mmoja ulitokana na ndoto ya paa letu kung'olewa na kulazwa chini kama barabara, mimi natembea juu ya mabati yenye joto, yeye yuko mbele nami simfikii. Niliweka bati lenye kutu, masizi ya jikoni, mchanga wa mtoni niliouchuja kwa chandarua, nyuma kijiti kilichovikwa kuwa mimi, na mbele kabisa kipande kingine cha ile leso. Nilimketisha mke wangu mbele ya ubao huo baada ya chai.

Alilipapasa bati. "Hili limeoza," akasema. "Mwambie mwenye nyumba alitoe kabla mvua haijaja."

"Nitamwambia."

Mkono wake ukasogea polepole mpaka kwenye leso. Akainama, akainusa. Akafumba macho. Nakumbuka punda alilia mahali fulani nikamchukia. Kisha akafumbua macho, akaniambia, "Wewe mzee, huna kazi kwenu?"

Binti yangu alidhani anajua kosa liko wapi. "Baba, atakujuaje na huna kichwa? Weka uso. Hata macho mawili tu na ndevu."

Nilikataa. Kisha nilikaa wiki nzima nikiwaza jambo hilo, na mwishowe nikaenda kwa imamu wa msikiti wetu. Ni mtu mzima sasa, lakini alifu nilimfundisha mimi. Alinisikiliza akiwa amevua viatu, anasugua nyayo zake.

"Maalim," akasema, "si wewe uliyenichapa kwa sababu nilichora punda kwenye ubao wangu?"

"Ni mimi."

"Fimbo sita. Punda mwenyewe hata hakufanana na punda."

"Nisamehe."

"Nilikusamehe zamani. Sasa unataka nikupe ruhusa ya kuchora mtu?" Alikuwa akitabasamu, lakini aliponitazama vizuri tabasamu likamtoka. "Maalim, sikukatazi wala sikuruhusu. Nakuuliza tu. Uso wako wa kweli anauona kila siku, asubuhi na jioni. Ameukataa. Atakubali wa gunia?"

Hakuwa na nia ya kuniumiza. Nilirudi nyumbani polepole, nikipumzika kwenye kila ukuta wenye kivuli. Uso sikuuweka.

Likizo iliyofuata tulimpeleka kwao Kasikeu. Binti yangu alikodi gari. Nilitumaini udongo wa kwao utamwamsha. Kaka yake ameshafariki na nyumba ni ya wajukuu, lakini ua wa mkonge upo vilevile, ule aliokuwa akikata majani yake tangu msichana, akiyaparua kwa kipande cha ubao mpaka yabaki nyuzi nyeupe. Alienda moja kwa moja kwenye ule ua. Alishika jani, akapitisha kidole ukingoni kwenye miiba bila kujichoma. Nikasema moyoni, ndiyo, hapa.

Tulikaa kivulini. Walituletea chakula, akala vizuri. Jua lilipoanza kuinama akawa anahangaika. Alimshika binti yetu mkono.

"Mama, nirudishe kwangu."

"Tutarudi, Mwaitu," binti akamjibu. Mwaitu ni mama, kwa Kikamba.

"Nirudishe sasa. Mume wangu hajala. Hawezi hata kuwasha jiko, yule."

Nilikuwa nimekaa karibu naye kiasi kwamba kanzu yangu ilikuwa imelala juu ya mguu wake.

Wiki hiyohiyo niliota. Nilimwona ameketi kwenye kigoda chake anaanza kiondo kipya, lakini kitako cha kiondo kilikuwa chini ya nyayo zangu. Nilikuwa nimesimama ndani. Alisuka kunizunguka, safu juu ya safu, magoti, kiuno, kifua. Nyuzi hazikunibana. Hakuinua macho hata mara moja. Alipofika shingoni niliamka, na mto ulikuwa umelowa.

Sikujua niiweke katika namna ipi kati ya zile tatu. Kama ni njema, nimsimulie. Kama ni mbaya, ninyamaze. Nilitema mate kushoto kwa tahadhari, kisha nikaitengeneza ndoto hiyohiyo kwa mikono yangu, na hapo nadhani ndipo nilipokosea. Safari hii nilijiambia kwamba kuibandika ndoto ukutani si kuisimulia kwa mdomo.

Ubao huo niliutengeneza vizuri kuliko zote. Nyuma niliweka gunia nililolipaka udongo mwekundu niliotoka nao Kasikeu. Mimi mwenyewe nilikuwa kipande cha kanzu yangu kuukuu, kimesokotwa kikasimama wima. Na kwa kiondo nilihitaji nyuzi. Nilifungua kasha lake, nikatoa bunda la mwisho alilolisokota kwa mkono wake kabla ya ugonjwa, nyingine nyeupe na nyingine za rangi ya gome. Kwa shazia, ile sindano kubwa ya kushonea magunia, nikazizungusha kwenye kile kitambaa, safu kwa safu, kama nilivyomwona akifanya maisha yetu yote. Zilikuwa za ovyo. Mwanamke yeyote wa Ukambani angenicheka. Nikauning'iniza ukutani, juu ya kigoda chake.

Aliuona baada ya chai. Alisimama akausogelea, akashika nyuzi. Akazivuta kidogo. Uso wake ulibadilika, nikadhani sasa, sasa jina langu limekuja.

"Hizi ni zangu," akasema.

"Ndiyo. Ni zako."

"Umezitoa wapi?"

"Ndani ya kasha lako."

"Nani alikufungulia?" Akapaza sauti. "Nani alikufungulia kasha langu? Mwizi! Mzee mzima mwenye mvi anaiba kamba za wanawake!"

Jirani alitokeza kichwa dirishani. Nilimpungia mkono kwamba hakuna neno. Mke wangu akaanza kung'oa. Alikuwa na nguvu ambazo sikuzijua. Ndipo nikafanya jambo ambalo kila nikisujudu nalikumbuka: nilimshika mikono nikamkemea kwa sauti ile niliyokuwa nikiwakemea watoto chuoni. Nilimwambia aache. Nilimwambia ni mimi, ni mimi, kwa nini hataki kujua kwamba ni mimi. Akajikunja ukutani, akafunika kichwa kwa viwiko.

"Usinipige," akasema. "Mume wangu akija atakulipa chochote unachotaka. Usinipige."

Sijawahi kumpiga mke wangu. Mungu ni shahidi. Nilimwachia, nikatoka, nikaenda msikitini kabla ya wakati na kukaa peke yangu. Niliswali, maana sala haingoji mtu awe na moyo. Lakini nilipotoka mlangoni, muuza kashata pale nje akaniuliza kama kawaida, "Maalim, mama anaendeleaje?" Nikafungua kinywa kusema alhamdulillahi na neno halikuja. Nikamjibu, "Yupo."

Tangu siku hiyo hilo likawa jibu langu. Yupo. Watu wa mji huu ni wastaarabu, hakuna aliyeniuliza kwa nini nimebadilisha. Ndani ya sala nilizisoma sifa zote kama zilivyo. Nje ya sala sikuwa na kitu. Miaka yote niliwafundisha wengine subira kama mtu anayefundisha kuogelea akiwa amekaa ukingoni.

Mbao zilizobaki niliziweka nyuma ya choo. Sikutengeneza tena. Ndoto nikiziona nazo nilizinyamazia.

Yeye alikuwa na kazi. Alimaliza kuzifungua zile nyuzi kutoka ubaoni, zote, akatoa na kile kitambaa cha kanzu akakitia kifuani. Kisha akaketi kwenye kigoda na kuanza kusuka. Nilimtazama kutoka mlangoni, sikuthubutu kukaribia. Safu ya kwanza aliikosea akaifungua. Ya pili akaifungua. Siku nzima alisuka na kufumua, kesho yake vilevile. Siku ya nne kitako kilishika. Kiondo kilikua kidogo kidogo, kimepinda upande mmoja kama sikio, na nyuzi zilipokwisha kilikuwa hakizidi ngumi mbili. Alikitazama. Akachomoa kile kitambaa kifuani, akakikunja vizuri, akakitia ndani, kikatosha sawasawa.

Akaniita kwa kidole.

"Wewe mzee. Bado uko hapa?"

"Niko."

"Unapita huko mjini?"

"Napita."

Akanitolea kile kiondo. "Mpelekee Maalim."

Nilikaa chini, hapohapo sakafuni. Nilikuwa nimeliomba neno lile katika sijda zisizo na idadi, na sasa lilikuwa limetamkwa mbele yangu kwa ulimi uleule wa Kasikeu, na halikuwa langu.

"Usikipoteze," akasema. "Najua mikono yako. Na umwambie arudi. Mwambie amesafiri siku nyingi."

"Nitamwambia."

Nilikichukua, nikatoka, nikazunguka msikiti, nikarudi. Sikujua la kufanya nacho. Nilikificha chini ya mto wangu kama mtoto.

Asubuhi yake nikimpa chai alinikodolea macho. Mara nyingi jana yake huwa imefutika kabla ya jua kuchomoza. Sijui kwa nini hii haikufutika.

"Ulimpa?"

"Nilimpa."

"Akasema nini?"

Nilitafuta. "Alisema muvea," nikamjibu, yaani ameshukuru, kwa Kikamba chake.

Aliweka kikombe chini. Alinitazama kwa dharau ambayo sikuwa nimeiona tangu tulipokuwa vijana tukigombana juu ya jambo dogo.

"Muongo," akasema. "Hukumpa. Maalim hasemi hivyo. Maalim akipewa hata maji husema alhamdulillahi."

Kuku walikuwa wanaparua uani. Mikono yake ilikuwa tupu mapajani, nyuzi zimekwisha, na vidole vilikuwa bado vinasokota hewa.

"Umesema kweli," nikamwambia. "Nilisahau. Alisema alhamdulillahi."

"Sema tena, kama alivyosema yeye."

Nikasema. Sauti ilinikatika katikati, nikaanza upya, nikalimaliza. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa upande mmoja, kama alivyokuwa akisikiliza zamani nikiruka jambo katika ndoto. Kisha akatikisa kichwa.

"Wewe hujui kulisema," akasema, akachukua chai yake.

Hajalitaja jina lile tena. Kiondo kiko chini ya mto wangu. Wakiniuliza barabarani hali yake, siku hizi najibu alhamdulillahi, kwa kuwa aliniagiza niliseme kama Maalim wake, na kwa kuwa sijajua bado kulisema.